Shairi la babu ambalo babu hakulitunga

Neno lenyewe lilikuwa "changamoto".

Nimesimama chini ya turubai, arobaini ya babu, dua imeshasomwa, sinia za pilau zinaanza kutoka uani, na mimi nina simu mkononi nawasomea watu shairi. Beti sita. Nimewaambia ni shairi la marehemu, alilitunga ujanani akalipeleka gazetini, maana ukoo mzima unajua babu alikuwa anatunga ila hakuna mwenye hata karatasi moja. Shangazi mkubwa alianza kulia ubeti wa pili. Ubeti wa nne ami yangu mmoja ambaye sijawahi kumuona hata na jicho jekundu akatoa leso.

Nikamaliza, watu wakasema mashaallah. Pembeni kwenye jamvi kulikuwa na mzee mmoja, rafiki wa babu tangu utotoni, muda wote alikuwa anahesabu kitu kwenye vidole nikadhani ni nyiradi. Akaniita kwa mkono. Nikainama maana sauti yake imeshakwenda.

"Mjukuu wangu, ubeti wa tano, mshororo wa tatu umezidi mizani moja. Babu yako hawezi. Na hiyo changamoto, sisi hatukuwa nayo. Sisi tulikuwa na taabu."

Akanipigapiga begani akarudi kwenye tasbihi yake.

Shairi lilikuwa limetungwa na simu.

## Saa sita usiku

Ngoja niseme ilivyokuwa, maana nikificha hapa hii habari yote haina faida.

Wiki nzima kabla ya arobaini nilikuwa natafuta mtandaoni. Jina la babu pamoja na neno shairi, jina la babu pamoja na majina ya magazeti ya zamani, jina la babu limeandikwa hivi, limeandikwa vile. Nikapata mchezaji mmoja wa mpira wa daraja la chini na tanzia ya mtu wa Muscat ambaye si ndugu yetu. Usiku wa mwisho, nimechoka, nikafungua ile programu ya akili mnemba nikaiuliza nitafutie shairi la fulani bin fulani, lilitoka gazetini miaka ya 1960.

Ikanipa. Hapo hapo, haikuvuta hata pumzi. Jina la gazeti, mwaka, beti sita, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawa kama meno ya bandia.

Nilishtuka? Nilishtuka kidogo. Kuna sauti ilisema mbona rahisi hivi. Ila ilikuwa saa sita usiku na kesho ndo shughuli, na lile shairi lilikuwa zuri bana, lilikuwa linasema vitu ambavyo ningependa babu awe alivisema.

Hapo ndo nilipoliwa.

Na ingeishia pale ningejisamehe. Lakini kesho yake shangazi akaniomba nimtumie WhatsApp, nikatuma, nitasemaje, na wiki iliyofuata akanitumia picha. Amelipeleka stationari likaprintiwa kwa rangi, akalitia kwenye fremu ya dhahabu ile ya kuwekea aya, akalitundika sebuleni juu ya tivii.

Wiki tatu sikulala vizuri.

## Sitaji jina la maktaba

Mara ya mwisho kuingia maktaba ya umma nilikuwa kidato cha nne, na tulikuwa tunaenda kwa sababu ya feni. Kwa hiyo sikwenda safari hii kwa mapenzi, nilikwenda kama mtu anayekwenda polisi kujisalimisha. Maktaba yenyewe siitaji, na gazeti nililolikuta humo pia silitaji, sababu utaiona mbele. Niseme tu ni mji wa pwani na babu aliishi huko ujana wake wote akiwa karani.

Nilitegemea kukuta vumbi na mlinzi amelala. Nikakosa kiti.

Kila meza imejaa, na karibu wote ni vijana, na hapa ndo nilianza kuandika kichwani makala ya kuponda, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeshika kitabu cha maktaba. Wana madaftari yao, past pepa zao zilizotolewa kopi, simu zinachaji kwenye soketi ukutani kama popo wamening'inia. Mmoja anasomea mitihani ya uhasibu. Wawili wa kidato cha sita wanabishana fizikia kwa kunong'ona. Nikasema haya, si ndo hayo, maktaba imekuwa ukumbi wa kukalia, vitabu ni mapambo.

Baadaye nikaongea na yule wa uhasibu, nikamuuliza kwa nini asisomee nyumbani wakati vitu vyake vyote viko kwenye simu. Akaniangalia kama nimetoka sayari nyingine. Anakaa chumba kimoja na kaka yake, shemeji na watoto wawili. "Kwenye simu kuna kila kitu," akasema, "ila hakuna pa kukaa."

Sawa. Makala yangu ya kuponda ikafa.

Lakini hilo la viti, pamoja na ukweli wake, silo lililonikaa rohoni.

## Dada wa dawatini

Nilikwenda dawatini nikamwamkia dada mmoja, nikamwambia natafuta shairi la marehemu babu yangu. Nikamtajia jina. Nikasubiri aende akalilete, si ndo nimezoea, unaandika unapewa.

Akaniuliza, "Gazeti gani?"

Sijui.

"Mwaka gani, kwa kukisia?"

Miaka ya 1960, hivi.

"Alikuwa anajiita nani?"

Nikarudia jina la babu. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeshasema maneno hayo kwa wengi. "Hilo ni jina la serikali kaka. Nauliza malenga alikuwa anajiita nani. Wengi walikuwa na majina yao ya utunzi, ukitafuta kwa jina la kitambulisho utazeeka humu."

Nikabaki nimesimama. Miaka thelathini na kitu nimemjua yule mzee, nimemkata kucha, nimemvalisha kanzu ya Idi, na sijui alikuwa anajiita nani.

Nikatoka nje chini ya mwembe nikampigia shangazi. Akacheka kwanza, akacheka mpaka akakohoa, alafu akasema, "Mtumbwi Mkavu."

Kumbe babu alipokuwa mtoto alianguka mtoni kutoka kwenye mtumbwi wa mjomba wake, akaokolewa kwa kuvutwa sikio, na tangu siku hiyo hakupanda tena chombo cha maji maisha yake yote, hata kivuko alikuwa anazunguka kwa barabara siku nzima. Wenzake wakawa wanamtania, na yeye badala ya kununa akalichukua lile tusi akalifanya jina. Mji mzima walimjua kwa hilo. Mimi ndo nilikuwa sijui.

Nimelifikiria sana lile swali. Ile programu niliipa jina nusu na mwaka nusu ikanipa shairi zima. Dada nilimpa hivyo hivyo vipande viwili akanirudishia maswali matatu, na swali la tatu ndo likanipeleka kwa shangazi, na shangazi akanipa kisa ambacho kingezikwa naye.

## Ambacho hakikupandishwa

Watu wanasema kila kitu kipo mtandaoni. Labda kwa Kiingereza. Sisi wetu tumepandisha nini? Mambo Leo ilianza 1923, Ngurumo 1959, Uhuru 1961, na katika magazeti ya namna hiyo ukurasa wa mashairi ndo ulikuwa uwanja wenyewe, makarani, walimu, mafundi, wanatunga wanajibizana wiki baada ya wiki, mtu anatukanwa kwa vina na anajibu kwa vina. Shaaban Robert mwenyewe alitoa mashairi yake ya mwanzo kwenye Mambo Leo. Ni maelfu ya beti. Jaribu kuzitafuta kwa simu leo uone utapata ngapi.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na kuna watu wanaijaza kwa jasho lao, nawaheshimu, lakini hata wao ukiandika habari ya malenga wa zamani wanakuuliza chanzo, na chanzo kimefungwa kwa uzi ndani ya jalada gumu kwenye rafu ambayo lazima mtu akufungulie.

Na hayo majalada hayakujikusanya. Kulikuwa na sheria ya 1963 iliyounda bodi ya maktaba ya Tanganyika, Mwalimu akaja kufungua ile Maktaba Kuu pale Dar tarehe 9 Desemba 1967, na sheria ya 1975 ikaja na Bodi ya Huduma za Maktaba tuliyonayo. Mchapishaji wa nchi hii anatakiwa apeleke nakala za anachochapisha. Hata wewe unayejichapishia kitabu chako cha mapishi au cha mahusiano, namba ya ISBN unaifuata kwao. Yaani kuna mtu analipwa mshahara ili karatasi isipotee, haijalishi kama kuna anayeitaka mwaka huu au miaka 60 ijayo. Mtandao hauna mtu huyo. Mtandao una kinachobofywa.

Shangazi akanikumbusha kitu kingine. Bibi, mke wa babu, hakujua kusoma alipoolewa, na baba yake alikuwa mwalimu, ndo zama hizo, mwalimu anafundisha watoto wa watu binti yake yuko jikoni. Alijifunza miaka ya 1970 kwenye kisomo cha watu wazima, anakwenda jioni na daftari limefungwa kwenye kanga. Kampeni ile ilikuwa kubwa, mpaka 1986 serikali ikawa inatangaza wasiojua kusoma wamebaki asilimia 9.6. Na waliotuendesha wakati ule walijua jambo moja ambalo tumelisahau, kwamba mtu akishajua kusoma halafu hana cha kusoma atarudi alikotoka, ndo maana wakaanzisha magazeti ya vijijini na vimaktaba vya vijijini. Bibi alikuwa akisoma gazeti kwa kidole, neno kwa neno, mpaka anafariki.

## Ila na maktaba nazo

Sitaki kuzitia maktaba uturi.

Kilichoko rafuni ni kile mtu fulani aliamua kiwe pale. Mambo Leo ilikuwa ya idara ya elimu ya mkoloni, na mhariri alichagua nani atoke nani asitoke. Nairobi kuna maktaba ya McMillan, jengo zuri la nguzo nene lililofunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma, mji ni wake, jua ni lake, kiti si chake. Leo hiyo hiyo inafufuliwa, wanawake wawili wa Kenya walianzisha shirika la Book Bunk wakashika kazi ya kuikarabati pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na nikisoma habari zao nafurahi na nauma meno kwa wivu. Lakini ukimya wa ile miaka haurudi. Waliokatazwa mlangoni hawakuacha hata alama kwenye daftari la wageni.

Kwa hiyo sisemi maktaba inasema kweli na simu inasema uongo. Hapana.

Nilichokuja kukiona ni kitu kidogo zaidi, na nilikiona siku ya pili nimefunua majalada mpaka vidole vimekuwa vya kahawia. Siku ya kwanza hakuna Mtumbwi Mkavu. Siku ya pili hakuna. Jioni nikamrudishia dada majalada nikamwambia hamna kitu, akasema, "Basi miezi hii umeshaimaliza, hayumo, kesho anza Julai."

Hayumo.

Sijui kama nitaeleza ikaeleweka. Ile "hayumo" ilikuwa na uzito. Nilikuwa nimeshika kila ukurasa, najua hayumo kama unavyojua chumba hakina mtu baada ya kuinua hadi godoro. Programu haikuweza kuniambia hayumo, haikutaka niondoke mikono mitupu, na huko kutotaka niondoke mikono mitupu ndo kukanifanya nisimame mbele ya wazee wa watu nikisoma changamoto.

## Mkato

Siku ya nne, mwezi wa tisa, nikakuta tundu.

Ukurasa wa mashairi, kona ya chini kulia, pamekatwa kipande cha mraba kama upana wa kiganja. Hakikuchanwa. Kimekatwa kwa wembe, pembe nne zimenyooka, mtu ametulia. Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka. Nikasema hawa ndo wanaoharibu nchi, mtu anakuja maktaba ya umma na wembe mfukoni, mali ya kila mtu anaifanya yake, na nilikuwa tayari kwenda dawatini kuwashukia wao pia, wanalinda nini.

Nikageuza kurasa kwa hasira. Gazeti la wiki mbili mbele, lile lile pale.

"Jibu kwa Bw. Mtumbwi Mkavu."

Nilisimama. Kiti kikapiga kelele, wa fizikia wakageuka.

Ni beti saba za mtu mwingine, yeye anajiita jina lake la utunzi, anamjibu babu. Na kwa kuwa ni jibu, la babu linaonekana ndani yake kama mtu kwenye kioo cha dirisha. Babu alikuwa ameandika kulalamikia mahari. Amesema mahari imepanda, vijana watazeekea kwa mama zao, wazazi wanauza mabinti kama wanauza nazi kwa mia. Bwana huyu anamsuta, anamwambia anayeogopa maji asiwapangie wavuvi bei ya samaki, na kwamba wote tunajua ni nani unayemtaka na kwa nini unalia. Mizani kumi na sita kila mshororo, nilihesabu kwa vidole. Hakuna changamoto. Taabu ipo mara mbili.

Sikulipiga picha kwanza. Nilikaa nalo tu.

## Shangazi tena

Nikampigia usiku. Nikaanza kwa kutubu, nikamwambia habari ya fremu, lile shairi si la babu, nilipewa na programu, nisamehe shangazi. Kimya. Nikasikia tivii yake kwa mbali, juu yake najua kinaning'inia nini.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Baba hakuwa anasema maneno matamu hivyo. Lakini ulisoma vizuri mwanangu."

Nikamsomea lile jibu, la kweli, beti zote saba. Alicheka kwenye kila ubeti. Tukafika pale pa "tunajua ni nani unayemtaka", akaniuliza ni mwaka gani, nikamwambia, mwezi wa tisa. Akasema subiri. Akahesabu. "Ndo mwaka aliopeleka posa kwa mama. Mwezi wa kumi."

Nikamwambia bahati mbaya la babu lenyewe halipo, kuna mshenzi mmoja amelikata kwa wembe.

"Kwa wembe?"

Kwa wembe, nikamwambia, limenyooka kama limepigwa rula.

Shangazi akanyamaza muda, nikadhani salio limekata.

"Babu mzaa mama alikuwa mwalimu," akasema taratibu, "alikuwa kila Jumamosi anashinda maktaba, anasoma magazeti ya wiki nzima. Hakuwa ananunua, alikuwa bahili." Akavuta pumzi. "Na baba yangu, wewe umemkuta mzee. Ujana wake, mfuko wa shati, kalamu na wembe. Ukarani ule. Anachonga penseli."

Sote wawili tulikuwa kimya.

"Sasa na hilo jibu la wiki mbili baadaye," nikauliza, "mbona hakulikata?"

"Labda hakuliona," akasema. "Au mwalimu aliwahi kulisoma, mahari akaipandisha. Maana ilipanda, hilo tunalijua."

Jumatatu narudi kule kuomba ruhusa ya kupiga picha lile jibu, shangazi anataka kubadilisha kilichomo kwenye fremu. Ameniambia na lile tundu nilipige pia, vipimo vyake halisi.